Umba: Mto mdogo ulioupa mpaka wa Kenya na Tanzania mwanzo wake

KATIKA ramani nyingi zinazoning'inia kwenye kuta za madarasa humu nchini, Mto Umba hauonekani. Mwanafunzi atafunzwa kuhusu Tana, Galana, Nzoia, Yala na Mara, na ataufanya mtihani wake na kuupita bila kujua kwamba katika pembe ya kusini kabisa ya pwani ya Kenya kuna mto mwingine unaoingia Bahari Hindi karibu na mji mdogo wa Vanga, Kaunti ya Kwale.

Kwa hakika, Umba si mto mkubwa. Urefu wake ni takriban kilomita 200, ilhali Tana hutembea kilomita zipatazo 1,000 kabla ya kufika baharini. Eneo lote ambalo mvua yake huishia katika Umba ni kilomita za mraba 8,000 hivi, na sehemu kubwa mno ya eneo hilo imo nchini Tanzania. Kenya imepata kipande kifupi cha mwisho, chenye mlango wa mto.

Hata hivyo, mlango huo ndio uliowavutia wakubwa wa Ulaya walipoamua kuigawa Afrika Mashariki. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana mahali pa kuanzia kuuchora mstari kati ya milki zao, zilichagua mahali Umba unapokutana na bahari. Mto wenyewe, yaani bonde, vijito, mashamba na watu wanaoyatumia maji yake, haukuwahusu. Walichohitaji ni alama moja tu ambayo nahodha angeweza kuitambua akiwa chomboni.

Zaidi ya miaka 130 baadaye, watu wanaoishi kando ya Umba bado wanalipa gharama ya uamuzi huo. Maji yanayowafurikia au kuwakaukia hutoka katika milima iliyo chini ya serikali nyingine.

Shagayu, yanakoanzia maji

Umba huanzia katika msitu wa Shagayu, kaskazini mwa milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 2,000. Huko kuna baridi na ukungu, na miti mirefu ya asili. Msitu wa namna hii hufanya kazi mbili. Hunasa unyevu wa mawingu hata siku ambazo mvua hainyeshi, kisha huyaachia maji hayo polepole kupitia udongo uliojaa majani yaliyooza. Kwa sababu hiyo vijito huendelea kutiririka kiangazi kinapokuwa kikali kule bondeni.

Kutoka Shagayu mto huteremka hadi bonde la Mlalo, mojawapo ya sehemu za Usambara zenye watu wengi na zilizolimwa kwa muda mrefu zaidi. Wasambaa hupanda mahindi, maharagwe, migomba na mboga kwenye miteremko mikali ambako mkulima asiye mwangalifu anaweza kuupoteza udongo wake wote kwa msimu mmoja.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kulihangaikia jambo hilo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1946 ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuokoa ardhi, ambao baadaye ulisambazwa kwingineko Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta katika mashamba yao, kazi ngumu iliyowaangukia hasa wanawake, na waliokaidi walishtakiwa. Wasambaa waliyachukia matuta hayo. Waliona kwamba yanakula nguvu na wakati bila kuwaongezea mavuno, na upinzani huo ukaingia katika siasa za kudai uhuru. Mpango uliachwa kabla ya Tanganyika kujitawala mwaka 1961.

Kisa hicho kina funzo ambalo wataalamu wengi wa mazingira hulisahau: udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, na wakulima walikuwa na haki ya kulalamika. Mambo haya mawili hayapingani. Tatizo ni kwamba yeyote aliyejaribu kuulinda udongo wa Mlalo alimtaka mkulima wa Mlalo peke yake agharamie, ilhali udongo ule unapoondoka huenda kumsumbua mtu mwingine aliye mbali sana.

Nyika isiyo na mto mwingine

Baada ya Mlalo milima hukatika ghafla. Katika mwendo mfupi maji hushuka hadi kimo cha chini ya mita 500, na kutokea kwenye tambarare ya Mng'aro na Kitivo. Huku nako ni joto jingi na vumbi. Pepo zitokazo baharini zimekwisha mwaga mvua zao upande wa pili wa milima, na tambarare hii iko katika kivuli cha Usambara. Shamba lisilopata maji ya mto halina tumaini. Ndiyo maana wakulima wa huko wamechimba mifereji na kuyaelekeza maji ya mto kwenye mashamba ya mpunga.

Kila tone linaloingia katika mfereji ni tone lisiloteremka kwenda mashariki. Wakati wa masika jambo hili halina uzito, maana maji ni mengi kuliko anavyoweza kuyatumia mtu yeyote. Lakini katika miezi ya ukame mfereji mmoja huweza kuamua iwapo mto utakuwa mto au mchanga mtupu wenye vidimbwi.

Mbele ya hapo Umba hupita pembezoni mwa Mkomazi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951 kama pori la akiba na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Katika eneo hilo lote lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,000, Umba ndio mto wa asili usiokauka kwa urahisi, nao unagusa pembe ya kusini mashariki tu. Tembo na nyati wanaujua vyema, na wafugaji pia.

Kwingineko duniani jina la Umba linajulikana kwa sababu nyingine kabisa. Tangu miaka ya 1960 wachimbaji wamekuwa wakitoa vito katika bonde lake, hasa karibu na kijiji cha Kalalani, wilayani Korogwe. Yakuti za Umba hutafutwa na masonara kwa sababu ya wingi wa rangi zake: samawati, zambarau, manjano, hata nyingine zinazobadilika rangi zikitolewa juani na kuwekwa chini ya taa. Humo humo walipata mawe ya ganeti yenye rangi iliyo kati ya waridi na chungwa, ambayo wanunuzi waliyakataa kwa kuwa hayakuwa yale waliyoyaagiza. Wachambuzi wakayatupa kando na kuyaita "malaya". Baadaye soko liligeuka, mawe hayo yakawa na bei ya juu, na jina likabaki. Leo linaandikwa katika vitabu vya vito vya Ulaya na Marekani bila wasomaji wengi kujua maana yake.

Karibu na kijiji cha Mwakijembe, katika Wilaya ya Mkinga, mto unakaribia mpaka. Kisha unauvuka na kuingia Kenya magharibi mwa Lunga Lunga. Maji hayaoneshi pasipoti.

Mstari ulivyoanza

Makubaliano ya 1886 yalifikiwa kwa kubadilishana barua kati ya London na Berlin, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Barua hizo zilitambua ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, na bara iliyo nyuma yake zikaigawanya kati ya mataifa hayo mawili. Mstari wa kugawanya ungeanza katika mlango wa mto ulioitwa humo Wanga au Umbe, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, uzunguke kaskazini ya Kilimanjaro, kisha unyooke hadi Ziwa Viktoria.

Majina hayo mawili, "Wanga au Umbe", yanaeleza mengi. Waandishi walikuwa wakizungumzia mahali ambapo hawakupajua vyema, na walichukua jina la mji na jina la mto na kuyaweka pamoja wasije wakakosea. Mkataba wa Julai 1, 1890, ule ambao Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland, ulithibitisha mstari uo huo kwa kuanzia ukingo wa kaskazini wa mlango wa Umba.

Tatizo lilijitokeza pale wapimaji walipotumwa kuutafuta mstari huo ardhini. Mlango wa mto wa pwani si nguzo ya saruji. Umba unapokaribia bahari hugawanyika katikati ya mikoko, na mchanga unaoletwa na mafuriko huziba mkondo huu na kufungua ule. Mwaka 1892 tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani ilianza kupima kutoka pwani kuelekea Kilimanjaro. Mjumbe wa Ujerumani alikuwa Carl Peters, yule yule aliyezunguka bara mwaka 1884 akiwatia machifu saini katika karatasi wasizozielewa. Matokeo ya kazi hiyo yaliandikwa katika makubaliano ya Julai 1893, na kituo cha kuanzia kikawekwa Ras Jimbo, kusini mwa Vanga.

Kwa njia hiyo, mto ulioupa mpaka mwanzo wake uliachwa wote, pale mwishoni, katika upande mmoja. Vanga na mlango wa Umba zikawa za Waingereza, na hatimaye za Kenya. Chanzo na sehemu kubwa ya bonde zikabaki kwa Wajerumani, na hatimaye kwa Tanzania.

Wenyeji hawakuulizwa. Wadigo waliishi pande zote mbili na bado wanaishi hivyo, sawa na Wasegeju. Wavumba, ambao lahaja yao ya Kivumba ingali inasemwa Vanga na kisiwani Wasini, hutaja asili yao kuwa Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa katika pwani hiyo hiyo na uliotawaliwa na madiwani wake kwa karne nyingi kabla Berlin haijawa na neno lolote la kusema kuhusu Umba.

Mstari huo ulimwaga damu pia, karibu na hapo hapo. Mnamo Januari 18 na 19, 1915, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilishambulia kikosi cha Wahindi wa jeshi la Uingereza kilichokuwa kimeiteka Jasini, kijiji cha mashamba ya mkonge kilomita chache kutoka Vanga. Kikosi hicho kiliishiwa na risasi kikasalimu amri, na Waingereza wakaondoka katika bonde la Umba. Lakini ushindi ulimgharimu Lettow-Vorbeck maafisa na risasi asizoweza kuzipata tena. Tangu hapo aliepuka mapigano makubwa na kugeukia vita vya kuvizia, ambavyo viliwaburuta maelfu ya wapagazi wa Kiafrika hadi Novemba 1918.

Vanga, mahali yanapoishia

Msafiri anayetoka Mombasa kuelekea Tanga huvuka mpaka Lunga Lunga na kuingia Horohoro. Anayetaka kwenda Vanga hukata kushoto kabla ya hapo na kushuka hadi mahali barabara inapoishia baharini. Mji uko chini mno, karibu usawa mmoja na bahari, ukiwa umezungukwa na mikoko.

Mahali kama hapo pana adui wawili wanaokutana. Mvua kubwa inaponyesha Usambara, maji hushuka milimani kwa kasi, hutanda tambarareni, kisha hufika Lunga Lunga na vijiji vya chini yake baadaye. Mara nyingine mtu wa Vanga huona mto ukifura wakati mbingu za kwao ni nyeupe. Ikiwa maji hayo yatafika wakati wa bamvua, bahari nayo ikiwa imejaa, hayana pa kwenda. Hujirudisha nyuma na kuingia mashambani, vyooni na majumbani. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Mei 2017, Umba ulipovunja kingo zake na familia nyingi za Vanga na vijiji jirani zikalazimika kuhama makwao.

Kiangazi kina shida yake, tena isiyopigwa picha. Mto unapopungua, maji ya chumvi hupanda mkondoni na kupenya ardhini, na visima vilivyo karibu na pwani huanza kubadilika ladha. Mama anayechota maji huonja mabadiliko hayo kabla mtaalamu yeyote hajaleta kipimo.

Mikoko nayo hutegemea kiasi. Mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi ni miti inayovumilia chumvi, lakini haikui vyema katika chumvi tupu. Huhitaji maji baridi ya mto na tope jipya lenye rutuba. Tope likizidi, hata hivyo, huifunika mizizi ya kupumulia ambayo mchu na mlilana huitokeza juu ya ardhi, na mti hufa kwa kukosa hewa. Kwa hiyo mteremko unaolimwa ovyo Mlalo unaweza kuua mti Vanga, na msitu unaotunzwa Shagayu unaweza kuuokoa.

Jambo hilo sasa lina thamani ya fedha taslimu. Wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanatunza hekta 460 za mikoko katika mradi wa kuuza hewa ya kaboni, wakifuata mfano wa wenzao wa Gazi walioanza mwaka 2013. Mapato hugharimia mahitaji ya vijiji kama vile maji na shule. Mikataba ya kaboni humtaka mwenye msitu ahakikishe kwamba miti haipungui. Wakazi hao wanaweza kumzuia mkata magogo. Hawawezi kumzuia anayefyeka kichaka mbali sana na kwao, katika nchi nyingine.

Samaki wachanga, kamba na kaa hukulia katika mikoko hiyo hiyo kabla ya kwenda baharini, na wavuvi wa Vanga huishi kwa hao.

Ofisi mbili, mto mmoja

Nchini Tanzania Umba uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Bodi hiyo inasimamia pia Mto Pangani wenyewe, ambao una mabwawa ya umeme, mashamba makubwa ya miwa na miji inayokua kwa kasi. Si vigumu kuona ni mto upi hupata macho ya wakubwa. Nchini Kenya mto huo huo unasimamiwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ukiwa mkiani mwa eneo kubwa linaloitwa kwa jina la Mto Athi. Kila upande una sheria yake: Tanzania ya mwaka 2009, Kenya ya mwaka 2016.

Mwaka 2013 serikali hizo mbili zilitia saini hati ya maelewano kuhusu utunzaji wa pamoja wa Ziwa Chala, Ziwa Jipe na Mto Umba. Ilikuwa hatua njema, ijapokuwa maziwa hayo mawili hayana uhusiano wowote wa maji na Umba. Yaliwekwa pamoja kwa kuwa yote yako juu ya mstari ule wa 1886. Miaka miwili baadaye Mto Mara, wenye nyumbu na watalii, ulipata hati yake wenyewe.

Hati ya maelewano haipimi maji. Kwa mto wenye tabia ya Umba, kifaa chenye faida kuliko vyote ni cha bei nafuu: ubao wa kupimia kina uliopigwa rangi na kusimamishwa mtoni chini ya milima, mtu wa kuusoma kila asubuhi, na nambari ya simu ya afisa aliye upande wa pili. Maji ya mafuriko yana safari ndefu kutoka Mng'aro hadi Vanga, yakipita nyika tambarare inayoyapunguza mwendo. Ujumbe wa simu hufika kwa sekunde chache. Katika tofauti hiyo mzee anaweza kuhamishwa, mbuzi wakafunguliwa na gunia la mahindi likapandishwa darini.

Kazi ya kiangazi ni ngumu zaidi, kwa sababu inahusu kunyimana. Lazima mtu aamue ni maji kiasi gani yaachwe mtoni baada ya mifereji ya mpunga kushiba, ili tembo wa Mkomazi, ng'ombe wa Mwakijembe na visima vya Vanga vipate fungu. Mkulima wa Kitivo hana sababu ya kufunga mfereji wake kwa ajili ya watu asiowajua, isipokuwa kama naye atapata kitu. Fedha za kaboni zinazoingia Vanga hazivuki mpaka kwenda Shagayu, ingawa msitu wa huko ndio unaoilinda mikoko.

Tope la Umba halisimami Vanga. Mkondo wa bahari katika pwani hii huelekea kaskazini, nao hulichukua hadi mbele ya mikoko, upande wa Wasini na Funzi. Mpaka wa baharini kati ya Kenya na Tanzania, uliokubaliwa kwa barua za Desemba 1975 na Julai 1976, umebaki kusini mwa hapo. Udongo uliong'olewa Mlalo huwa umekwisha kuwa wa Kenya.